Geji Zilizolala Mlimani

Nilitoka Kibondo kwa sababu ya macho ya mama mkwe. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho la kulia hadi mzee wa watu akawa anasalimia nguzo za nyumba, na la kushoto lilikuwa linafuata. Tukasikia daktari wa macho amefika Kasulu, akimaliza wagonjwa wake anaondoka. Basi la abiria halikuwa la kutegemea miaka ile, watu walipokuwa bado wanajenga vijiji vipya. Gari lilikuwepo: pikapu yangu, niliyoipata kwa kulima na kuuza chumvi, mimi niliyeishia darasa la pili. Wenye vyeti walikuwa wananiomba lifti.

Shida ilikuwa namna ya kukaa. Kwetu Waha mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani, sembuse kukaa kiti kimoja. Nyuma ya pikapu ni vumbi tupu, si mahali pa macho mabovu. Mke wangu Skola akakata shauri: yeye akae katikati, mama yake dirishani, na baina yao kanga. Pembe za juu akazifunga kwenye chuma cha paa. Za chini akazipitisha chini ya dashibodi, akapiga fundo huko gizani. Tukaondoka ukungu ukiwa bado bondeni.

Mlima wa kwanza tu, mishale ya geji ikaanguka, wa mafuta na wa joto la maji, yote pamoja. Injini inavuma vizuri. Nikaipiga dashibodi ngumi moja. Mishale ikainuka.

"Mwambie mwenye gari," sauti ikatoka nyuma ya kanga, "kama ana ugomvi na barabara ashuke aipige barabara."

"Mwambie mama," nikamwambia Skola, "gari ni kama ngoma, lisipopigwa halisemi."

"Mmesikiana," akajibu Skola. "Mimi shingo inaniuma."

Ikawa ndiyo safari. Tambarare mishale inaamka, mlimani inalala. Nilikuwa na hofu, sifichi. Jirani yangu mmoja aliendesha lori lisilo na geji, maji yakaisha asijue, injini ikafa moja kwa moja. Kwa hiyo kila ngumi iliposhindwa nilisimama, nikafungua boneti kutazama maji, nikachovya kijiti kwenye tangi kupima petroli. Kabla ya mto Malagarasi nilikuwa nimesimama mara nyingi mno. Mama mkwe akauliza kama tunakwenda kwa daktari au tunachunga gari.

Makere tulipumzika kwa kaka yake Skola, mkulima, mtu wa maneno. Akatuandalia ugali wa muhogo na maharage.

"Shemeji, hilo gari uza," akasema.

"Nikuuzie wewe? Baiskeli tu inakushinda."

"Baiskeli yangu haina mishale ya kunidanganya!"

Kasulu tuliingia jua limepungua. Daktari, kijana wa mkoa mwingine, akamtazama mama mkwe akasema, "Mngechelewa kidogo msingenikuta. Huyu nampasua kesho." Skola akaifungua kanga garini akamfunika mama yake wodini. Mimi nikaenda kutafuta fundi.

Gereji ilikuwa nyuma ya maduka, kwa Sefu, mtu mwenye asili ya pwani. Nikamweleza geji zangu zinavyolala.

"Zinalala lini, mzee wangu?"

"Mlimani."

"Zote mbili?"

"Kama mapacha."

"Basi maradhi ni mamoja. Geji mbili haziugui saa moja, kila moja na homa yake. Tutafute waya ambao zote mbili zinauchangia."

Akapima fyuzi. Akafuata waya unaozipelekea umeme, kisha ule wa kuurudisha umeme kwenye bodi ya gari, akaukaza. Tukapanda kilima cha mjini, tukashuka, tukapanda tena. Mishale imesimama kama askari.

"Gari zima hili," akasema.

"Linakuonea haya wewe mgeni. Au kazi huijui."

Hakukasirika. "Likiugua tena, mzee, tazama kuna nini garini ambacho hapa hakikuwepo."

Siku ya kurudi mama mkwe alitoka na bandeji jichoni. Muuguzi alinisimamisha mlangoni bila kutabasamu. "Baba, huyu asitikiswe, asishtuliwe. Na gari likikufia njiani usimpandishe lori. Jicho likifumuka, ndiyo basi." Skola akarudisha kanga mahali pake. Nikaendesha kama nimebeba mayai.

Tulipovuka Malagarasi na kuanza kupanda, mishale ikaanguka. Ngumi yangu ikapaa. Skola akaidaka hewani.

"Asishtuliwe!"

Nikasimama. Nikafungua boneti: maji yapo. Lakini mlima ulikuwa bado mrefu, na kwenda bila kujua sikutaka, si na mgonjwa yule. Ngumi imekatazwa, ikabidi nifikiri. "Garini kuna nini ambacho kwa Sefu hakikuwepo?" nikauliza.

"Sisi," akasema Skola. Akageuza macho pembeni. "Na kanga. Mama huishika tukipanda."

"Mwambie mama aishike kanga kama anavyoshika mlimani."

Mishale chini.

"Aiachie."

Mishale juu.

Nikainama chini ya dashibodi. Fundo la Skola lilikuwa limekumbatia waya uleule alioukaza Sefu. Mlimani mama mkwe hana pa kujishikia, anaishika kanga, kanga inavuta waya, geji zinazimika. Na ngumi yangu haikuwa imetengeneza kitu. Ilikuwa inamshtua mama wa watu, anaiachia kanga.

Kisha nyuma ya kanga:

"Mwambie mwenye gari, mimi nilidhani gari ndilo linaloogopa ngumi."

"Mwambie mama," nikasema, "hata mimi."

Nikalifungua fundo, nikafunga kamba mlangoni ya yeye kujishikia. Pindo la kanga Skola akalishika kwa mkono hadi Kibondo, heshima ikakaa mahali pake.

Nililojifunza ni hili, na mafundi walichukue: gari lipimwe likiwa na watu wake ndani, kila mtu alivyokaa. Tupu litakwambia ni zima.

Bandeji ilifunguliwa nyumbani na mganga wa zahanati. Mimi nilikuwa uani, nyuma ya ukuta, kama inavyotakiwa. Nikaanza kuukumbuka kila mtikisiko wa barabara ile. Halafu:

"Nani kamwacha yule kuku mweupe anakula mtama wangu?"

Skola akaanza kulia. Mimi nikaenda kumfukuza kuku.