Oili Niliyoimwaga Maweni

Kama umekuja kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha tulia unisikilize. Mimi si mtu wa hadithi. Nimekuwa fundi wa injini pale Amani kwa miaka ishirini na kitu, na watu wa Amani watakutajia kasoro zangu zote: kwamba nina mdomo, sina subira, na mteja akinibishia namrudishia ufunguo wake akatafute fundi mwengine. Uongo hawatakutajia. Jambo hili lilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua liko utosini, na shahidi ninaye, mwanamke mtu mzima aliyesomesha nusu ya mji huu.

Kwanza ujue nilikuwa napata riziki kwa kitu gani. Nilikuwa nakula kwa sikio. Fundi wa zamani hana kompyuta ya kumwambia injini inaumwa wapi. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, kisha anasikiliza. Mimi nilikuwa nasikia valvu iliyolegea, nasikia beringi iliyoanza kulika mwezi mzima kabla mwenye gari hajahisi chochote. Watu wakiniletea magari kutoka Nungwi mpaka Makunduchi, ncha ya kisiwa hadi ncha, kwa ajili ya sikio hili la kulia. Wanangu wanne wamesoma kwa sikio hili.

Shahidi wangu ni Bi Zuleikha. Ni mwalimu mstaafu, anakaa Mji Mkongwe, na ana gari la michezo la viti viwili, jekundu, la zamani kuliko mafundi wengi wa siku hizi. Alilinunua ujanani, watu wakasema, akawaacha waseme. Mpaka leo analiendesha mwenyewe, na buibui lake na miwani myeusi, na akipita Darajani hata wauza samaki wanageuza shingo. Gari lile nililipenda, sikufichi. Nililihudumia kwa mkono wangu kwa miaka tisa na halikuwahi kukohoa.

Sasa akaja mtoto wa dada yake kutoka Dubai, kijana mwenye simu mbili na maneno mengi. Akamletea Bi zawadi ya oili, dumu linameta kama chombo cha manukato. Akamwambia hii ndiyo ya kisasa, hii ndiyo wanayotia wenye magari ya mbio huko, achana na yale matope ya fundi wako. Akamwaga oili yangu, akatia yake. Hakuniuliza! Nilipopata habari niliwaka, na hasira ile ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Nikueleze kidogo, maana hapa ndipo pana kisa chenyewe. Kwenye dumu la oili pana namba mbili. Ya kwanza inakwambia uzito wake ikiwa baridi, ya pili inakwambia uzito wake ikiwa moto. Kijana alitia tano kwa thelathini, oili nyepesi, ya injini mpya ambazo vyuma vyake vimebanana. Injini ya zamani imeshalika. Kati ya chuma na chuma pana nafasi, na nafasi ile inataka oili nzito iketi pale ikae. Gari la Bi Zuleikha linataka ishirini kwa hamsini, na kwa joto letu hili usibishane na mtu. Ukitia nyepesi inapita mbio, inaacha chuma kinasuguana na chuma, na injini inaanza kugonga. Jambo dogo kama hilo kila mtu hulijua, ila kijana wa Dubai.

Bi Zuleikha akaja kwangu, akasema gari linagonga, lakini likishapata moto sawasawa tu. Hapa mjini halipati moto. Alikuwa anakwenda Bwejuu kumtazama dada yake, akanitaka niende naye nisikilize njiani. Nikachukua vyombo vyangu, jeki, galoni la oili nzito, tukaondoka. Nia yangu ilikuwa kubadilisha oili kule kule Bwejuu, kwenye kivuli, kwa raha zangu.

Hatukufika. Tulipoipita Kitogani injini ikaanza kugonga, na mshale wa oili ukashuka mpaka ukalala. Nikamwambia Bi azime gari papo hapo, tukienda maili moja zaidi tutalivuta kwa kamba. Akaliegesha pembeni. Pale hapana nyumba. Ni maweni matupu, lile jiwe la matumbawe lililochongoka, na vichaka katikati, na vishimo ambavyo huoni mwisho wake. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado kidogo. Bi Zuleikha alikataa kushuka, akabaki kitini amefungua mlango.

Nikapiga jeki, nikaingia chini, nikaikinga oili kwa dumu nililolikata. Oili hutolewa ikiwa moto, ndiyo kazi inavyotaka, ikipoa haitoki yote. Ile ilikuwa inachemka. Iliniunguza vidole viwili, nami nikaitukana, nikamtukana na yule kijana, na mengine usiyaandike hapa. Kwa kawaida oili chafu siimwagi, nawawekea maseremala, wanapaka mbao zisiliwe na mchwa. Siku ile nilisema oili hii haiwafai hata mchwa. Nikaona kishimo hatua chache kutoka barabarani, nikaliinua dumu.

Bi Zuleikha akanambia kutoka garini, "Sema bismillahi kwanza, mwanangu. Kitu cha moto hicho."

Na wewe unajua kwa nini alisema vile. Kila aliyelelewa kisiwani hapa amekatazwa kumwaga maji ya moto chini bila ya kutaja jina la Mungu, kwa sababu hatukai peke yetu, na majini nao wana makao. Bibi yangu hata maji ya kuoshea masufuria alikuwa anayasemea, kisha anangoja kidogo, wenyewe wapishe. Nayajua yote hayo. Lakini nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira simsikilizi mtu. Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba mimi ni fundi si mwalimu wa chuo cha Kurani, na kwamba oili haina dini. Nikaimimina yote, lita nne, kwa mkupuo mmoja. Ilipotea mara moja. Sikuisikia ikifika.

Nilipogeuka, pana mtu.

Hakuwa na pembe wala kwato, usinitie maneno mdomoni. Ni mtu wa makamo, amejifunga kikoi, fulana nyeupe yenye mikono mirefu iliyofunika mpaka vidole, miguu mitupu juu ya jiwe linalokata kandambili. Bi Zuleikha akamtolea salamu. Hakuitika. Alikuwa ananitazama mimi, na chuki iliyokuwamo katika macho yale sijaiona kwa mtu yeyote, na mimi nimechukiwa na watu wengi.

Akaniuliza, "Umemwaga nini hapo?"

Nikamwambia oili. Akauliza oili gani. Sasa niambie, ni mjinga gani angekuwa na furaha saa ile? Mimi. Kwa sababu nimeulizwa habari ya oili, na kijana wa Dubai bado alikuwa ananichoma moyoni, nikaona nimepata wa kunisikiliza. Nikaanza kumsomesha. Nikamwambia hii ni oili nyepesi, ya kipumbavu, isiyofaa gari la zamani.

"Nyepesi kiasi gani?"

"Ikipata moto ni maji. Haishiki popote. Tundu lisilopita sindano, hii inapita."

"Na ilikuwa moto?"

"Ilikuwa inachemka."

"Kwa hivyo ishafika chini."

"Zamani," nikamwambia, na nilicheka, wallahi nilicheka. "Ishafika chini kabisa."

Akalionyesha kwa kidevu galoni langu lililokuwa kando ya gari. Akauliza, na ile? Nikamwambia ile ni nzito, ile ndiyo oili, ningeimwaga ile ikiwa baridi ingegandia hapo juu juu kwenye majani, isingefika popote. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mwanafunzi aliyefahamu somo. Kisha akaukunja mkono wa fulana yake.

Kuanzia begani mpaka kwenye kiganja hapakuwa na ngozi. Palikuwa pabichi, na juu ya ule ubichi oili nyeusi ilikuwa inang'aa, bado inatoa moshi. Niliogopa. Sioni haya kusema, dumu tupu likaniponyoka.

"Mimi nilikuwa juu, nimepata hii," alisema. "Wanangu watatu walikuwa wamelala chini."

Nyuma yangu Bi Zuleikha alikuwa ameshaanza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti. Yule mtu hata hakutishika. Alimtazama akamwambia, kwa adabu, kwamba yeye hana neno naye. Akanirudia mimi.

"Bibi huyu alikwambia useme. Ungelisema, tungeliwatoa. Neno lile tunalisikia, na sisi tunalisema."

Nikasema nisamehe. Nikasema sikujua. Akaniambia ulijua. Na kweli nilijua. Akaniuliza kama nina watoto, nikaitikia kwa kichwa. Akauliza kama nawasikia wanapolia. Nikaitikia tena. Akasogea, akaweka kiganja chake kilichoungua juu ya sikio langu la kulia. Kilikuwa cha moto kama kizibo cha rejeta.

"Basi na wangu utawasikia," akasema.

Alikoingia sikuona, nilikuwa nimepiga magoti na kichwa changu mikononi. Bi Zuleikha aliona. Mpaka leo ukimuuliza anakwambia, niulize mengine.

Yeye ndiye aliyenisimamisha. Mwanamke yule ana roho ngumu. Alinipa maji ninawe uso, akanisimamia mpaka nilipotia oili nzito na kufunga kila kitu, bismillahi kwa kila nati. Gari likawaka. Mshale ukapanda ukakaa mahali pake, injini ikanyamaza vizuri. Tukafika Bwejuu. Nilidhani yamekwisha, kwa sababu sikio lilikuwa zima, nasikia upepo, nasikia watu wakiitana pwani.

Siku ya pili nikafungua karakana. Akaja mtu na pikapu lake, analalamika halina nguvu. Nikachukua bisibisi, nikaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni. Sikusikia valvu. Nilisikia mtoto analia. Si paka, si mkanda wa feni, usinieleze mambo ya mkanda wa feni, mimi ndiye fundi. Ni mtoto, yuko mbali, chini sana, analia kilio cha kuungua ambacho kila mzazi anakijua. Kisha wa pili. Kisha wa tatu, huyu mdogo kabisa, hajui hata kuita mama.

Nikajaribu gari jengine, vile vile. Nikajaribu sikio la kushoto, vile vile. Kila injini inayowaka, nikiweka bisibisi, wapo. Mwenye pikapu alisema nilimkimbia na gari lake nimeliacha wazi.

Nilikwenda kwa sheikh, akanisomea wiki mbili. Alikuwa mkweli, akasema hapa hakuna shetani wa kutoa, hapa pana mtu aliyedhulumiwa, nenda kamtake radhi mwenyewe. Nikaenda na Bi Zuleikha, katika gari lile lile. Tukafukiza ubani. Nilikuwa nimenunua asali mbichi kutoka kwa watu wa Jozani, kwa sababu asali ndiyo dawa ya kuungua, nani asiyejua? Nikasema bismillahi, nikangoja, nikasema tena, nikaimimina pale kwenye kishimo polepole.

Ikasimama. Iliganda pale juu juu kwenye majani, ikaanza kuliwa na sisimizi. Nikajaribu kuisukuma kwa kijiti, nikaipasha moto kidogo kwa kibiriti, haikwenda. Nani alijua vizuri kuliko mimi kipi kinafika chini na kipi hakifiki? Nilimsomesha yeye mwenyewe, tena kwa kucheka. Hapo ndipo nilipolia, mtu mzima na ndevu zangu, na Bi Zuleikha akageuza uso asinitazame.

Injini niliacha. Sasa naziba pancha, hapo hapo Amani. Matairi hayana sauti. Wanangu hawaelewi kwa nini baba yao, fundi aliyesifika kisiwa kizima, anakaa na beseni la maji anatafuta tundu la mpira, na sijawaambia. Wewe ndiye wa kwanza kuniandikia haya.

Kwa hivyo nisikilize, na usijitie ujuaji kama mimi. Gari lako la zamani litie oili nzito, hilo ni la kwanza, na ndugu yako wa Dubai mpe chai. La pili, oili itoe ya moto, ndivyo inavyotakiwa, lakini ikinge. Ukiwa huna budi kuimwaga chini, taja jina la Mungu, ungoje. Usiseme tu kama unayesalimia kwa kupita. Ngoja, mpaka hata mwenye watoto wengi awe amewatoa wote.

Bisibisi yangu bado ninayo. Mara moja kwa mwezi Bi Zuleikha anakuja na gari lake, analiacha linawaka bila ya kuniuliza kitu, nami naweka mpini sikioni, kwa sababu siwezi kujizuia. Miaka miwili nilikuwa nawasikia wale watoto watatu. Tangu Ramadhani iliyopita nawasikia wawili.