Ragnhild Anataka Mchawi Wake Abaki Mbaya

Ijumaa asubuhi, mvua ikipiga madirisha ya studio mjini Viborg, Denmark, Ragnhild Mosegaard anamlaani mtoto mchanga. Ameshamlaani mara kadhaa, na laana bado haijakaa sawa.

"Hutacheka tena mpaka nife!" anamfokea mwanasesere aliyeviringishwa taulo, kamera ikimrekodi. Kisha anajishika kiuno na kutafuta kiti.

Mama huyu wa miaka sitini na moja huandika watu wabaya wa filamu za katuni. Akishaandika maneno yao, huyaigiza mwenyewe, na wachoraji hufuata mikono na mabega yake.

"Nimeua wafalme hata sikumbuki wangapi," anasema akivua viatu. "Nimetia sumu visima. Mwisho wa filamu, wote wanaomba msamaha na kukumbatiwa. Nimechoka, jamani."

Uchovu huo ndio uliomponza. Majira ya baridi aliigiza mchawi wake mpya kila alipotoka kwenye vikao virefu. Wachoraji, watu waaminifu kupita kiasi, wakachora kila kitu: goti linalouma, kope zinazosinzia, hata miayo.

Wiki iliyopita watoto wa chekechea walionyeshwa filamu ya mchawi huyo, ingawa haijakamilika. Hakuna aliyelia kwa hofu. "Bibi amechoka," alisema msichana mmoja. "Mpeni supu."

Jeppe, kijana anayesimamia filamu, alifurahi kama aliyeokota pochi. Leo amekuja kudai matunda ya furaha hiyo.

"Wanampenda! Tumpe utoto wa huzuni, alie kidogo, tufunge kazi."

"Jeppe, mwanangu, akilia nani atamwogopa?"

"Kwani lazima aogopwe?"

"Basi mpe kazi chekechea, awafunge watoto kamba za viatu!"

"Mama, usinichekeshe. Niletee tukio jipya kabla ya chakula cha mchana. La sivyo, analia."

Huu ni mji ambao kila Juni humtia motoni mchawi aliyetengenezwa kwa majani makavu, watu wakiimba na watoto wakila soseji. Sinemani, watu hao hao wanataka apewe blanketi.

Ragnhild anaacha andazi lake la mdalasini bila kuliuma, anaandika. Saa sita kasoro anasimama na kuigiza, mabega yakiwa yamelegea vile vile.

Katika tukio hilo jipya, mtoto anamletea mchawi supu. Mchawi anainywa yote, polepole, anafuta mdomo. "Ahsante, mjukuu wangu," anasema kwa upole. "Nilikuwa sina nguvu za kukulaani."

Jeppe ameacha kutafuna andazi lake.

"Hiyo… inatisha," anasema.

"Umeogopa?"

"Mimi? Hapana. Kidogo."

Wanakubaliana: Jumatatu watoto wale wale watakiona kipande hicho. Hata mmoja tu akificha uso, mchawi hatalia.

Ragnhild anajinyoosha kwenye kochi la wageni.

"Kabla sijastaafu, nataka mmoja wangu abaki mbaya mpaka taa za sinema ziwashwe," anasema, akifumba macho. "Mmoja tu. Hao wengine mliwakumbatia, sikusema kitu."