Siku Niliyomfungulisha Bibi

Mabinti wanaomaliza chuo cha uuguzi huja kuniuliza habari za Dubai. Wanataka kujua mtihani wa leseni ni mgumu kiasi gani, joto likoje, chumbani mnalala wangapi. Nawajibu yote, kisha nawaongezea wasiloniuliza: jihadharini na mgonjwa anayesema lugha yenu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2010. Mombasa nilikuwa nimeshika wodi nzima. Dubai, mpaka leseni itoke, kampuni ilinipeleka nyumba moja huko Mirdif nikamwangalie bibi mwenye kisukari. Kumwangalia tu. Nimwogeshe, nimvishe, nimpe vidonge alivyotengewa na binti yake. Binti huyo, ambaye wafanyakazi wote tulimwita madam, alinikumbusha kila asubuhi kwamba mimi si muuguzi bado, na kwamba nikifanya lolote bila idhini yake ananirudisha kampuni. Kurudishwa kampuni maana yake ni tiketi ya kwenda kwetu, na leseni nisahau. Nilikuwa nikimjibu "Yes, madam" huku nimeuma meno.

Bibi mwenyewe alizaliwa Unguja, akaondoka angali msichana. Watoto wake hawakujua neno la Kiswahili. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo alinishika mkono asiuachie.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe watu wa kwetu mpo!"

Tangu hapo hatukunyamaza. Aliwasengenya wakwe zake nao wamekaa hapo hapo wanakunywa kahawa, na mimi najikaza nisicheke. Nilimpenda, sifichi.

Ramadhani ikaingia. Daktari alimkataza kufunga, naye akafunga. Madam alilalamika, akabembeleza, mwisho akachoka. Bibi akaniita karibu.

"Nsikilize. Hata n'kizidiwa vipi, usinfungulishe mpaka adhana. N'ahidi."

Muuguzi angekataa pale pale. Mimi nikasema, "Haya, bibi," kama mjukuu anavyoitikia.

Alasiri moja, jua likielekea kuzama, nikaingia kumtawadhisha. Nikamwamkia, akanitazama kama hanijui, akanijibu kwa Kiarabu. Nguo ilikuwa imelowa jasho mgongoni, na chumba kile kilikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Vidole vilimtetemeka. Sikuhitaji kipimo kujua kwamba sukari imeshuka.

Nikampigia madam. Alikuwa kwenye foleni ya magari, kila mtu akikimbilia futari.

"Usimguse," alisema. "Amechoka na saumu, basi. Wewe si muuguzi bado. Adhana iko karibu na mimi nakuja. Khalas."

Akakata simu.

Mpishi wetu, dada wa Kiganda, alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia aite ambulensi.

"Dada, madam atatufukuza!"

"Piga simu!"

Kichwa cha bibi kikaanza kulala begani. Bado alikuwa akimeza mate. Nikingoja, hata hilo litamshinda. Nilimwogopa madam, nikaiogopa ahadi yangu, na zaidi ya yote nilimwogopa Mungu, maana mwezi ni wake na roho ni yake. Nikachukua asali ya tende iliyokwisha andaliwa mezani, nikachovya kidole, nikampaka ndani ya shavu. Akaitema. Nikampaka tena. Akaning'ata. Nikarudia huku nalia, "Nisamehe, bibi, meza. Meza, bibi." Akameza. Macho yakaanza kumtulia, nikampa maji ya sukari kijiko kwa kijiko.

Madam aliingia pamoja na watu wa ambulensi. Mmoja wao akamtoboa kidole, akasema sukari inapanda, hali si mbaya. Akauliza nani amempa kitu kitamu.

Madam alikuwa akiitazama mikono yangu, na asali ilikuwa bado imenigandia vidoleni. Nikafungua mdomo niseme ukweli, liwalo na liwe.

Bibi akanitangulia. Alisema kwa Kiarabu, polepole, maneno ambayo hata mimi niliyaelewa: "Ni mimi. Nimefungua mwenyewe."

Madam akaangua kilio, akambusu kichwani. Adhana ya maghribi ikalia wakati huo huo, na watu wa ambulensi wakapewa tende na maji. Walipotoka nikamwinamia bibi nikamwambia kwa lugha yetu, "Ahsante, bibi." Akageukia ukutani.

Leseni yangu ilitoka miezi kadhaa baadaye, nikahamia hospitali, na hivi leo ndiyo inayonipa mkate. Bibi ndiye aliyeniokolea leseni hiyo. Lakini ile miezi yote iliyobaki, kila asubuhi niliingia chumbani kwake nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Naye kila asubuhi alininyooshea mkono nimvishe, akasema kwa Kiarabu, kama mtu anayemharakisha mtumishi, "Yalla."