Kahawa Iliyotunyima Usingizi

Jana jirani yangu hapa Tunduma alimwaga maganda mabichi ya kahawa kwenye migomba yake. Ule uchachu ukaingia hadi chumbani, usingizi ukaniruka.

Kwetu Mbozi kahawa ilitukesheza bila hata kuinywa. Iliyochumwa mchana ilibidi imenywe maganda usiku uleule, isije ikaharibika. Mama alizungusha mashine ya kumenyea, shangazi akamimina maji, nami nilijilaza juu ya magunia, macho nimeyafumba. Maneno matamu yalitoka watoto wakishalala.

“Wifi, huyo kalala?” shangazi aliuliza.

“Kalala.”

Basi wakaanza: nani kaposwa, nani kamkimbia mume. Usiku mmoja shangazi akasema, “Nipe huyo nikakae naye mjini.”

Mashine ikanyamaza. Nikabana pumzi.

“Huyu?” mama alisema. “Nikikupa huyu, mimi nitakesha na nani?”

Mashine ikaanza tena. Baadaye akaja kunifunika kanga yake, imelowa na inanuka kahawa, akaninong’oneza, “Haya, umeshasikia. Sasa lala kweli.”

Jana nilikaa macho mpaka alfajiri, nikisubiri mtu wa kuniambia hivyo.