Kofia ya Kauboi wa Jeffersontown

Karani wa ghala, mwenye shahada ya ufugaji ambayo mwenyewe alikwisha kuitilia shaka, alivaa kofia pana ya majani makavu hata kanisani. Vidole vyake laini viligusa ukingo wa kofia hiyo kila alipotamka tandiko, hatamu, lijamu. Hakuwahi kupanda farasi, na aliiogopa siku bintiye Jolie angelijua hilo. Jumamosi moja, shambani nje ya Louisville, Jolie alimsukuma mbele ya farasi.

“Papa, panda basi! Si wewe kauboi?”

Karani akainama kumsalimu farasi kwa adabu zote. Farasi akaing’ata kofia, akaitafuna taratibu. Jolie alicheka hadi akakaa chini.

“Bon, haya,” alisema karani, akijipapasa kipara, “leo nimelisha mnyama wangu wa kwanza.”