Spika za Muuguzi Zinachoma Masikio

Muuguzi mstaafu aliporudisha spika zake kwa mara nyingine, Ngurumo alihisi damu inamchemka. Jina hilo alipewa na vijana wa kumbi za harusi, enzi akiwaundia maspika marefu kama makabati, naye alilipenda kuliko lile la wazazi wake. Siku hizi anatengeneza za majumbani, kwenye kibanda kilichojaa sumaku, nyaya na vumbi la mbao. Na wateja wa majumbani, Mungu awasamehe, wana maneno.

"Fundi, zinanichoma masikio," mama alisema, akizitua mezani.

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Zinachoma. Mtangazaji akisoma habari, kila neno linakuja na sindano yake."

Ngurumo hakuwa mbabaishaji. Alikwenda mwenyewe kuitazama sebule ya huyu mama kabla hajakata ubao hata mmoja. Alimkatalia ile wufa kubwa aliyoitamani, maana chumba ni kidogo, na besi ikijazana kwenye kona humeza maneno yote. Akamwekea wufa ya wastani kwa sauti nzito, na juu yake twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Akamwelekeza aziweke usawa wa masikio, mbali na ukuta. Sasa kosa liko wapi? Tena yeye alizisikia zimefifia, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ndiyo maana kila ziliporudi alimwongezea nguvu ya twita, ili maneno yatoke vizuri, na kila alipoongeza mama alirudi amenuna zaidi.

"Ukishindwa safari hii," mama akamwambia, "nampelekea yule fundi wa ng'ambo ya barabara."

Yule! Ambaye hata kulehemu alifundishwa na Ngurumo! Mtaa mzima ungejua kwamba mzee kaishiwa, na nani angemletea kazi tena?

Alizibeba hadi nyumbani akilalamika njia nzima. Sebuleni akafungua boksi moja, akachomoa waya za wufa ili twita ibaki peke yake, akawasha redio. Akasogeza sikio mpaka likakaribia kugusa, kama alivyofanya miaka yote mbele ya maspika ya kumbini yakiwa yamefunguliwa mpaka mwisho. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya.

"Kumbe imekufa!" akafoka. "Wananiuzia twita mbovu, lawama nabeba mimi!" Bisibisi ikaruka sakafuni.

Mkewe akatoka jikoni ameziba masikio kwa viganja.

"Baba watoto, zima hicho kidude! Kinanipasua kichwa!"

"Kidude gani? Hakitoi hata mlio!"

"Acha utani."

"Utani wa nini? Kimekufa, nakwambia!"

Mkewe akasogea kwenye boksi. Akachomoa waya wa twita, mabega yake yakashuka. Akaurudisha, akakunja uso. Akauchomoa tena. Kwa Ngurumo hapakuwa na tofauti yoyote.

Alitaka kumgombeza, amuulize tangu lini amekuwa fundi. Badala yake akaurudisha waya mwenyewe, akatega sikio: hakuna kitu. Aliogopa, aliogopa kweli, na hofu hiyo ikamkasirisha kuliko wateja wote aliowahi kuwapata.

"Tangu lini?" akauliza mwishowe.

"Mimi nitajuaje? Simu yako ikilia ni mimi ninayekuita. Nilidhani ni jeuri yako tu."

Akaketi, akapasha moto chuma cha kulehemu, akaunga rezista ya kupunguza nguvu za twita. Mkewe akasikiliza. "Bado." Akaunga nyingine. "Bado kidogo." Akabadilisha tena, mpaka mkewe akasema, "Hapo." Yeye hakusikia kilichobadilika.

Kesho yake, maboksi yote mawili yakiwa yamerekebishwa, muuguzi alisikiliza taarifa ya habari yote kwenye kochi lake, macho kayafumba.

"Hizi sasa ndizo spika!" akasema. "Kumbe masikio unayo, fundi. Ulikuwa unanifanyia ukaidi tu."

"Asante, mama."

"Basi uende na kwa dada yangu. Za kwake zinakwaruza, anataka mtu wa kumsikilizia."

Ngurumo aliinama akakusanya nyaya zake, akachukua muda kuzikunja. Akasema ataenda, ila ataenda na mke wake.