Shingo Niliyokuja Nayo

Daktari wa kampuni alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulioniponza. Laiti angekuwa mkali, ningefunga mdomo.

Wiki chache kabla ya hapo, katika kiwanda cha maembe nilikokuwa nimeajiriwa hapa Machakos, rundo la kreti liliniangukia begani. Sakafu ilikuwa imelowa maji ya matunda, mwenzangu akateleza, akajishikilia kwenye kreti ya chini, na zote zikaja upande wangu. Tangu siku hiyo mkono wangu wa kulia uligoma. Niliangusha vikombe. Kusonga ugali nikashindwa, mume wangu akajifunza, tukala uji mzito kwa jina la ugali. Hospitalini waliniambia kuna mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni, na nisipopasuliwa mapema mkono huenda ukabaki hivyo maisha. Kampuni ilikuwa na bima ya wafanyakazi, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote. Kilichobaki ni kupimwa na daktari wao.

Basi huyo kijana, huku akinibonyeza shingo taratibu, akaniuliza kama niliwahi kubeba mizigo mizito nikiwa mdogo.

Kwa mwanamke aliyelelewa Kola, swali hilo lina jibu moja tu. Kwetu maji yalibebwa mgongoni, mtungi ukishikiliwa na mukwa, ule mkanda unaopita kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayovuta kila kitu. Msichana aliyeshindwa kubeba alisemwa, na mama yake akasemwa zaidi, kwamba amelea mvivu. Nikamjibu daktari kwa madaha. Nikamwambia nilianza kabla hata ya kwenda shule, nikishuka mtoni kwenye visima vya mchangani na kupanda kilima bila kupumzika, wenzangu wameketi mimi napita. Akasema kumbe nilikuwa shupavu. Nikavikwa kilemba cha ukoka, nami nikakitengeneza vizuri kichwani. Nikasukuma leso nyuma nimwonyeshe alama ya mukwa, kibonde kidogo kilicho juu ya nyusi. Akaandika yote.

Jibu la bima lilikuja kwa lugha ya adabu sana. Shingo yangu ilikuwa imechakaa tangu utotoni kwa kubeba maji, na kreti zilikuta kazi imekwisha kufanywa. Ule ulikuwa ugonjwa niliokuja nao kazini, na wao hawalipii vitu vya namna hiyo. Nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe, tena nikicheka.

Niliwaka hasira. Nilikuwa nikiosha vyombo kwa mkono mmoja nikigombana na masufuria. Mwishowe nikapeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, naye akatuita ofisini kwake mjini, mimi na mwakilishi wa kampuni. Mwakilishi alisoma maelezo ya daktari neno kwa neno, hata ile sehemu ya wenzangu kuketi nami nikipita. Kusikia majigambo yangu yakisomwa na mtu aliyevaa tai kulinitia haya kiasi cha kutaka kujificha chini ya meza. Afisa aliponiambia zamu ni yangu, nikapiga moyo konde.

"Siku mlituandika kazi," nikasema, "msimamizi alikuwa anatuangalia hapa kwa uso. Wenye wako na alama ndio waliingia kwanza, akasema hawa wamezoea mzigo. Hii shingo ndiyo mliandika. Imekuwa mbaya saa ngapi?"

Mwakilishi akasema, kwa heshima zote, kwamba hakuna aliyepinga bidii yangu. Afisa alinituma kwa daktari mwingine, mama mmoja aliyeonekana kuchoka kuliko mimi, ambaye alipima akasema pande zote zina haki: shingo ilikuwa imechakaa kweli, lakini ilikuwa ikifanya kazi mpaka kreti zilipoanguka. Uamuzi ukawa kampuni ilipie nusu ya matibabu. Nusu ya pili ilikuwa ya shingo yenyewe. Ningeweza kukata rufaa, ila mkono ulikuwa umeanza kukonda, nikiuweka kando ya wa kushoto naona. Nikatia sahihi.

Jumapili nikaenda Kola kumweleza mama. Nilimkuta akipukuchua mbaazi. Nilimsimulia kwa mzaha, nikiigiza sauti ya daktari na ya yule wa tai, maana mama hupenda kucheka. Hakucheka. Aliniuliza kwa Kikamba nirudie yale daktari aliyosema kuhusu maji. Nikarudia. Akauliza kama daktari wa pili alisema vivyo hivyo. Nikasema ndiyo, kwa kiasi. Akaendelea na mbaazi zake, tukazungumza habari za mvua.

Siku chache baadaye alinifikia nyumbani kwangu Mumbuni bila kupiga simu. Alikuwa amemuuza kwa mchuuzi wa mifugo mjini ng'ombe wake wa maziwa, yule aliyekuwa akimjivunia mbele ya kanisa zima. Alifungua fundo la leso akaziweka pesa mezani, na hata chai alikataa kwanza.

"Nusu hii ni yangu," alisema. "Mimi ndiye nilikufunga mukwa."

Nilitaka kulia, nikatamani pia kumrudia yule kijana mpole nimwonyeshe alichoandika kimefika wapi. Nikamwambia mama ni kreti. Nikamwambia ni sakafu, ni maji ya maembe, ni kampuni inayotafuta pa kukwepea, na kwamba bila yeye nisingejua kazi ni nini. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anavyowakubalia waliokuja kumfariji msibani. Pesa hakuzirudisha kwenye leso.

Kisha akauliza, macho yakiwa chini, kama shingo ilikuwa ikiniuma wakati ule, nikiwa mdogo, ila nilikuwa nikinyamaza tu.

Ilikuwa ikiuma. Nikamwambia hapana.